Sawa Si Jibu

Ukitaka kumkasirisha Mama Mkaguzi, mjibu "sawa." Neno hilo sisi wengine tunalitamka kutwa nzima bila hata kujua kwamba limetutoka, lakini yeye alilichukia kama nzi kwenye mlenda. Siku ya kwanza nilipofuatana naye kwa mama lishe nyuma ya ofisi zetu pale Mtumba, mji wa Serikali Dodoma, aliagiza: "Chai ya rangi, bila sukari, na chapati moja." Binti wa pale akasema, "Sawa, mama." Mama Mkaguzi akamshika mkono asiondoke.

"Sawa nini? Rudia nilichosema."

Binti akamtazama, kisha akanitazama mimi, kama anayeuliza huyu bibi mmemtoa wapi. "Kwani mama, mimi mwanafunzi?" akasema, akaenda zake. Alirudi na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha harusi, na chapati mbili. Mama Mkaguzi akavimaliza vyote, maana chakula hakitupwi, akajifuta mdomo na kuniambia: "Umeona? Sawa si jibu. Sawa ni adabu tu."

Kazi yake, na yangu chini yake, ilikuwa kukagua usalama wa chumba cha kuongozea mtambo wa umeme wa nyuklia. Mtambo wenyewe haujajengwa, na sijui kama utajengwa nikiwa hai. Lakini huwezi kusubiri kinu chenyewe cha nyuklia kiwashwe ndipo uulize kama mtu aliyekaa mbele ya skrini atakielewa. Kampuni ya wasanifu kutoka nje ilileta michoro yake, ikatujengea na chumba cha mfano katika jengo moja la Mtumba. Ukuta mzima ni skrini, na nyuma yake kuna kompyuta zinazoigiza kinu kikiwa kizima na kikiwa kinaharibika. Humo tuliwakalisha waendeshaji mitambo wetu, waliotoka kwenye umeme wa maji na wa gesi, tukawaharibia mambo kwa makusudi, kisha tukatazama wanafanya nini. Serikali ilitaka kauli moja kutoka kwetu, chumba hiki ni salama au si salama, na kauli hiyo ingetoka chini ya saini ya Mama Mkaguzi.

Alitaka sana kuitoa. Nadhani hakuna kitu alichokitaka kuliko hicho katika miaka niliyomjua. Lakini kabla hajafika, kichwa chake kilianza kumtoroka, naye alijua kwamba kinamtoroka. Akawa anakimbizana nacho. Wapo ofisini wanaosema mpaka leo kwamba mimi ndiye niliyemtoa. Sibishani nao. Ila kabla ya kufika huko nataka mmjue alivyokuwa, maana anayemjua kwa mwisho wake tu hamjui.

Kwanza, heshima. Sijapata kuona mtu mzima mwenye msimamo wa ajabu juu ya shikamoo kama yeye. Ndani ya chumba cha mfano, shikamoo ilikuwa marufuku. Nje ya mlango wake, ukipita bila kumpa, umejitakia. Siku moja nilikuwa na haraka, nikapita kama upepo wa Dodoma, na nikaitwa kutoka mwisho wa ukumbi, kwa jina alilonipa kwa kuwa kwetu ni Kondoa. "Wewe Mkondoa! Kwenu hakuna wakubwa?" Nikarudi na mafaili yangu, nikasimama mbele yake kama mtoto. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Haya, endelea na haraka yako."

Marufuku ya mle ndani ilikuwa na chanzo chake. Katika zoezi mojawapo la mwanzo, mkuu wa zamu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa mitambo ya gesi, mtu mpole na mwenye jina lake katika kazi. Tulimharibia bomba moja la maji ya kupoza kinu. Mzee akafungua ukurasa wa maelekezo kwenye skrini, lakini akafungua usio wenyewe. Kijana aliyekaa kulia kwake akaona. Mzee akaanza kutoa amri za ukurasa ule, na kijana akawa anazifuata moja baada ya nyingine, "Sawa, mzee. Sawa, mzee," huku joto la kile kinu cha kuigiza likipanda. Mama Mkaguzi akasimamisha zoezi. Hakumgusa mzee kwa neno lolote. Akamgeukia kijana.

"Uliona?"

"Niliona, Mama."

"Mbona ukanyamaza?"

Kijana akaangalia meza. "Sasa Mama, ningemwambiaje mzee wangu?"

Kila mmoja wetu angenyamaza vilevile. Tangu siku ile akaweka sheria kwamba heshima ibaki mlangoni pamoja na vumbi la viatu, na kwamba yeyote mle ndani, hata aliyeanza kazi jana, ana ruhusa ya kusema "simama." Akawataka wasanifu nao wabadili kitu, ili ukurasa anaoutumia mkuu wa zamu uonekane kwenye skrini ya kila mtu, na mfumo wenyewe uulize kila hatua kama mwendeshaji wa pili amekubali. Bwana mmoja wa wasanifu alijibu kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria, kwamba kwao hakuna haja ya hayo, kwao mtu haogopi kumsahihisha mkubwa. Mama Mkaguzi akaniambia, "Muulize, huko kwao hawana baba?" Nikatafsiri. Yule bwana akacheka, halafu akaacha kucheka, akaandika.

Wasanifu walimwogopa, na walimpenda pia, jambo ambalo lilinishangaza. Kwenye kila tahadhari inayotokea kwenye skrini walikuwa wameweka kitufe cha mwendeshaji kuonyesha kwamba ameiona, na katika kukitafsiri kwa Kiswahili wakakiandika SAWA. Mnaweza kukisia kilichotokea. Kila tulipoharibu kitu, tahadhari zilifurika, kengele zikalia, na waendeshaji wetu wakawa wanabonyeza SAWA, SAWA, SAWA, mpaka pakawa kimya, na hakuna aliyesoma hata moja. "Kumnyamazisha mbwa si kumfukuza mwizi," alisema, akaamuru kitufe kile kiondolewe. Sasa mwendeshaji lazima ataje kwa sauti kilichoharibika ndipo mwenzake anyamazishe kengele. Wasanifu walilalamika kwamba inachelewesha. Akasema ndiyo maana anaitaka.

Alikuwa na namna ya kuchukua jambo gumu la kompyuta na kulileta jikoni. Mabishano makubwa kuliko yote yalikuwa juu ya swichi ya mkono, ile ya chuma, ya kukizima kinu hata kompyuta zote zikifa. Wasanifu walisema haihitajiki, kompyuta ya akiba ipo, na nyuma yake ipo nyingine, zote za aina moja na zenye programu ile ile iliyojaribiwa. Yeye akawasikiliza mpaka mwisho. "Watoto watatu waliofundishwa na mwalimu mmoja," akasema, "mwalimu akikosea, wote watakosea swali lile lile." Akataka swichi yake, na waya wake wenyewe usiopita kwenye kompyuta yoyote. Hakupandisha sauti. Alikuwa akikataa kitu huku akikusogezea karanga.

Sasa msifikiri alikuwa malaika. Gari lake, kigari cheupe kilichochoka, lilikuwa na taa ya tahadhari iliyowaka kwenye dashibodi miaka na miaka. Mtu ambaye maisha yake yote ni tahadhari alifanya nini? Alibandika plasta juu yake. Plasta ya kidonda, ya rangi ya ngozi. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikajisahau.

"Taa ile inasema uongo," akajitetea.

"Na siku itakaposema kweli, Mama?"

Akacheka na yeye, mpaka machozi yakamtoka na mabega yakamtikisika, akaniambia nifunge mlango na mdomo. Simu nayo alikuwa akiikata bila kuaga. Ukimaliza kusema unasikia kimya, unabaki na "haya, Ma..." mdomoni. Alikuwa hodari wa kusahihisha kila mtu, ila ukimsahihisha yeye mapishi yake ya mlenda alinuna siku nzima. Na kwenye kwaya ya kanisa lao, niliambiwa na watu wa huko, alikuwa akiongea katikati ya mazoezi mpaka mwalimu wa kwaya akamhamishia mstari wa nyuma.

Mwezi wa Ramadhani ndio ulionifundisha kumpenda. Hakunywa chai mbele yangu hata siku moja. Lakini ikishapita adhuhuri hakuniruhusu kugusa michoro. "Mwenye njaa anaona anachotaka kuona," alisema, "nenda kapange makabati." Nilikasirika mwaka wa kwanza, nikaona ananidharau na funga yangu. Jioni yake akanisimamisha mlangoni, akanipa mfuko wa zabibu za shambani kwake Makutupora, baridi, zimeoshwa. "Za futari. Umeshinda na njaa kwa ajili ya Mungu, hukushinda na njaa kwa ajili yangu, kwa hiyo usinune." Ikawa desturi. Ramadhani yote, kila jioni, kichala.

Ni huko Makutupora alikoniambia kilichomfanya awe hivyo. Ilikuwa Jumamosi ya mavuno, nimekwenda kumsaidia kuchuma pamoja na mdogo wake, dada mmoja mchangamfu anayekaa naye pale shambani. Nilimuuliza tu, kwa utani, nani alimfundisha kuwasumbua watu na "rudia." Hakunitazama. Akaendelea kukata vichala.

Alisema kwamba zamani, akiwa msichana, alikuwa akikaa kwenye chumba cha kuongozea mitambo katika kituo kimoja cha umeme wa maji. Siku hiyo fundi alitaka kuingia ndani ya mtambo wa kwanza kukaza nati. Mama Mkaguzi akapiga simu chini, kwa mzee aliyeshika milango ya maji, akamwambia afunge maji ya mtambo wa kwanza.

"Akasema, 'Sawa, binti yangu.' Alikuwa rika la baba yangu. Ningemwambiaje arudie, kama mtoto wa darasa la kwanza? Niliona haya. Nikamwambia fundi, ingia."

"Halafu?"

"Mzee alifunga wa pili."

Nilisubiri aseme juu ya fundi. Mdogo wake, aliyekuwa safu ya pili ya mizabibu, alikuwa ameacha kuchuma, amesimama na mkasi mkononi.

"Hakutoka," akasema Mama Mkaguzi. Baadaye akaongeza kwamba fundi yule alikuwa kijana wa umri wangu, mcheshi, aliyezoea kumwita yeye dada. Akabeba kreti lake hadi kivulini, na hatukulizungumza tena.

Sasa mnaelewa kwa nini alitaka kuimaliza ile kazi kwa mkono wake. Machoni pake, chumba kile cha skrini kilikuwa mahali ambapo siku moja binti mwingine atamwambia fundi mwingine "ingia." Alitaka kabla hajafa ahakikishe kwamba chumba kile hakina mlango wa "sawa."

Kusahau kulianza kwa mambo ambayo sote tuliyasamehe. Aliuliza mara mbili kikao ni saa ngapi. Alipotea akitafuta jengo letu, na tukasema majengo ya Mtumba yanafanana, hata sisi hupotea. Akaanza kusema "kile kitu" mahali pa jina la kitu, na tukasema umri. Kama ni plasta, tuliibandika ofisi nzima. Yeye peke yake hakuibandika. Alikwenda hospitali bila kumwambia mtu, akarudi, na jioni moja akaniita garini kwake, gari limesimama tu uwanjani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi.

"Daktari amenipa jina la ugonjwa," akasema. "Unakula kumbukumbu, na hauna dawa. Hauendi mbio, lakini haurudi nyuma. Nataka nimalize kazi. Ninaweza kuimaliza, nikiwahi. Lakini sitaki kuweka saini kwa kichwa ambacho hakipo. Mimi mwenyewe sitajua siku kitakapoondoka. Mgonjwa wa hivi hajui. Kwa hiyo nakupa amri."

"Mama..."

"Siku nitakaposhindwa kusikia kilichorudiwa, utaniambia. Siku hiyo hiyo. Usinionee haya, usimwambie mkurugenzi kwanza, usilie kwanza. Utaniambia mimi. Rudia."

Nilimwangalia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama tupo safarini. Nilitaka kusema daktari anaweza kukosea. Nilitaka kusema sawa. Nikarudia: "Siku utakaposhindwa kusikia kilichorudiwa, nitakuambia, siku hiyo hiyo, wewe kwanza."

"Ndivyo," akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kufunga. Mtu anasema, wa pili anarudia, wa kwanza anathibitisha kwa "ndivyo," na hapo tu ndipo mkono unaruhusiwa kugusa kitu. Bila "ndivyo" hakuna amri. Akawasha gari na kunishusha kituoni.

Tangu jioni ile sikufurahia kazi tena. Nilikuwa nikikaa karibu naye kwenye mazoezi, na badala ya kusikiliza kinu nilikuwa nikimsikiliza yeye. Kila akisema "ndivyo" mahali pake, moyo wangu ulitulia, halafu ukaanza upya. Na alikuwa hodari, wallahi. Miezi ile alifanya kazi kuliko sote. Alimaliza sehemu ya kengele, akamaliza ya skrini, akamaliza vita ya swichi, na wasanifu wakakubali kuiweka. Ilibaki sehemu ya mwisho, ya mawasiliano ya zamu, na mazoezi machache. Nikaanza kuamini tutavuka.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Wageni wa kampuni ya usanifu walikuwepo, mkurugenzi wetu alikuwepo, amevaa tai. Mama Mkaguzi aliongoza zoezi kwa simu kutoka kwenye chumba kidogo chenye kioo, mimi pembeni yake na mpango wa zoezi mkononi. Alikuwa na furaha asubuhi ile, hata alinitania kuhusu ndevu zangu. Tulipofika katikati akanyanyua simu na kusema, wazi kabisa, "Zima pampu ya kwanza."

Kwenye spika tukamsikia mwendeshaji: "Nazima pampu ya pili."

Na Mama Mkaguzi akasema, "Ndivyo."

Kwanza sikuinua macho kutoka kwenye karatasi. Nilisoma mstari ule tena na tena, nikitumaini ni mimi niliyesikia vibaya, lakini nilipoinua macho, skrini nyuma ya kioo ilionyesha pampu ya pili imezimika na ya kwanza inazunguka. Zoezi likaendelea. Kompyuta iliona tatizo, ikaliziba yenyewe kama ilivyosanifiwa, na wageni wakafurahi kwamba mfumo wao umeokoa jahazi. Mkurugenzi akapiga makofi. Hakuna mwingine aliyesikia. Wote walikuwa wakitazama skrini.

Tukatoka barazani kwa chai. Yule binti wa mama lishe ndiye aliyekuwa akihudumia siku hiyo, na alipomwona alisema kwa mbali, akitabasamu, "Mama, chai ya rangi, bila sukari, chapati moja." Alikuwa ameshazoea, na siku hizi alirudia kabla hata hajaambiwa. Mama Mkaguzi akampa "ndivyo" yake, akachukua kikombe, akasimama peke yake kwenye kona ya baraza, akiangalia vilima. Nilijua nikichelewa kidogo nitapata sababu ya kunyamaza. Zilikuwepo nyingi, na zote nzuri. Kijana yule wa zoezi la bomba aliyeulizwa "mbona ukanyamaza," siku ile nilimwelewa mpaka kwenye mifupa.

"Mama, kuna jambo."

"Sema."

"Umesema zima pampu ya kwanza. Mwendeshaji amerudia, nazima pampu ya pili. Wewe ukasema ndivyo."

Hakubisha. Nilitamani abishe. Aliweka kikombe ukingoni mwa baraza polepole, akahakikisha kimekaa, akasema kwa sauti ile ile ya kazini: "Nimesema zima pampu ya kwanza. Amerudia, nazima pampu ya pili. Nikasema ndivyo."

Akanitazama. Ilinichukua muda kutambua anasubiri nini. Bila neno langu amri haikuwa imekamilika. Nilikuwa na umri wa kutosha, nimeshazika watu, lakini sijapata kutamka neno zito kama lile.

"Ndivyo, Mama."

"Asante, mwanangu," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu, siku zote nilikuwa Mkondoa. Akamfuata mkurugenzi palepale, na vikombe vya watu vikiwa bado vya moto, akamweleza ugonjwa wake na kuomba aondolewe kwenye ukaguzi, na kwamba kila alichokipitisha tangu augue kikaguliwe upya na macho mengine. Kisha akaja kunipa funguo za gari, akasema hataki kuendesha tena. Nilimpeleka Makutupora. Njiani, tukiwa hatujasema neno tangu Mtumba, alinyoosha mkono akabandua ile plasta kwenye dashibodi. Taa ilikuwa inawaka. Akaiacha iwake, nami nikaendesha.

Alichokipitisha kilikaguliwa upya chote, na halikupatikana kosa hata moja. Hilo ndilo linaloniuma. Mkurugenzi aliniita, si kwa hasira, akaniambia, "Zilibaki wiki chache tu. Ungemwacha mama wa watu amalize." Wengine walisema hivyo mgongoni. Nilipokwenda nyumbani Kondoa, mama yangu mzazi naye aliniuliza, mtu gani anamwambia mkubwa wake maneno kama yale? Najua nilifanya alichoniamuru, na najua kwamba ningenyamaza ningekuwa nimemrudisha kwenye simu ile ya ujana wake. Kujua huko hakupunguzi kitu. Kila siku ofisini nilihisi pengo lake.

Kazi ilimalizwa na mwingine. Kauli ilitoka kwamba chumba hakitakubaliwa mpaka masharti yatimizwe, na masharti karibu yote yalikuwa yake. Swichi ya mkono ilikuwemo, ukurasa wa mkuu wa zamu kuonekana na wote, kengele kutajwa kwa sauti, kurudia na kuthibitisha. Wasanifu wakakubali. Nilipata habari hiyo asubuhi, na mchana nikaomba ruhusa nikaenda Makutupora kumwambia. Nilikuwa nimekwenda mara kadhaa kabla ya hapo, na kila mara nilikuta amepungua. Lakini habari hii, nilijiambia, itamfikia popote alipo.

Mdogo wake alinipokea kwenye njia ya shamba. "Mbukwenyi," akanisalimu kwa Kigogo, nami nikajibu nilivyofundishwa, vibaya. Akaniambia leo yuko vizuri, amekula, ila yuko mbali. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mizabibu, kanga mabegani, sinia la zabibu kwenye mapaja.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza. Nilimweleza kwa vipande vifupi, kimoja kimoja, kama alivyotufundisha tumweleze mtu aliyechanganyikiwa. Wamekubali swichi. Wamekubali kurudia. Kazi yako imesimama, Mama. Alikuwa akinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza lugha ya wageni wake. Nilipomaliza alisema, "Sawa."

Nililia. Sikujizuia, wala sikuona haya. Sijui kama machozi ndiyo yaliyomshtua, au uso wangu, au umri wangu. Aliinama, akanishika kidevu, akaniangalia kwa bidii, na macho yake yakaanza kubadilika. Alikuwa amemwona mtu mwingine usoni mwangu. Nikaona hofu, halafu nikaona kitu kingine ambacho sijawahi kukiona kwake hata siku swichi ilipokubaliwa.

"Umetoka?" akaniuliza.

Mdogo wake nyuma yangu akavuta pumzi. Nami nikaelewa ananiona nani. Miaka yote niliyomjua, mwanamke huyu alinifundisha kutokuthibitisha kisicho kweli, hata kwa mkubwa, hata kwa kumwonea huruma.

"Nimetoka, dada," nikasema.

"Umetoka," akarudia, taratibu, neno zima. Kisha akasubiri, mkono wake bado kwenye kidevu changu, jinsi alivyosubiri siku ile barazani.

"Ndivyo," nikasema.

Akaniachia. Akachagua kichala kimoja kwenye sinia, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaniwekea mkononi.

"Kula basi," akasema. "Umeshinda humo ndani na njaa."